Mtu na Mkewe

Siku ile nilikuwa nimekaa mkekani na Katiba ya Msumbiji mapajani, nasoma Kireno kwa macho na kusema Kiswahili kwa mdomo. Ndiyo kazi niliyopewa kwenye kikao chetu cha alasiri. Watu wanataka kujua nchi yao imeandika nini juu yao, na wengi Kireno hakiwaingii. Tulikuwa tumefika ibara ya 26, ile ya kupata uraia kwa njia ya ndoa. Nikatafsiri hivi: "Mgeni aliyefunga ndoa na Mmsumbiji kwa muda usiopungua miaka mitano anaweza kupata uraia wa Msumbiji, akitimiza masharti." Nikaona nimefanya kazi safi. Sentensi fupi, haina kigugumizi.

Mama mmoja wa Palma akanyoosha mkono. "Mwanangu, mgeni yupi huyo?"

"Mgeni yeyote, mama."

"Yeyote yupi? Mume au mke?"

Nikarudi kwenye karatasi. Kumbe jibu lilikuwa pale, limeandikwa wazi kabisa, na mimi ndiye niliyelifuta.

Kireno cha ibara hiyo kinasema "estrangeiro" au "estrangeira", yaani mgeni mwanamume au mgeni mwanamke. Halafu kinasema amefunga ndoa na "moçambicana" au "moçambicano", Mmsumbiji mwanamke au Mmsumbiji mwanamume. Maneno manne. Mimi niliyakunja yakawa mawili, kwa sababu Kiswahili kiliniruhusu. Sikusema uongo hata neno moja. Lakini yule mama aliondoa kwenye tafsiri yangu kile kile alichokuwa nacho kabla hajaja, yaani wasiwasi wake.

Mumewe ni mvuvi kutoka upande wa Mtwara. Wameishi pamoja zaidi ya miaka 20, wamezaa, wamekimbia pamoja. Na muda wote huo mama amekuwa akijua jambo moja: mke wa kigeni hupewa uraia, mume wa kigeni hapewi. Hakudanganywa. Katiba ya mwaka 1990 ndivyo ilivyokuwa. Mlango wa ndoa ulimfungulia mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mmsumbiji, basi. Katiba ya mwaka 2004 ndiyo iliyoufungua mlango huo kwa wote wawili, na waandishi wake wakaona haifai kuandika "mgeni" halafu waache msomaji akisie. Wakataja mmoja mmoja. Badiliko hilo lilipitishwa Maputo tarehe 16 Novemba 2004. Lilipofika mkekani kwetu, baada ya miaka yote hiyo, nikalimeza mimi.

Kwa hiyo makala hii ni ya kuihakiki Katiba, lakini zaidi ni ya kujihakiki mimi mwenyewe, na wote wanaotafsiri maandishi ya serikali na ya mashirika kwa Kiswahili.

Watu husema Kiswahili hakina ubaguzi wa jinsia, na kwa sarufi ni kweli. "Anakuja" anaweza kuwa baba au mama. "Yeye" ni yeyote. Kimwani na Kimakonde navyo ni hivyo hivyo. Kireno kina shida yake: kila jina lina upande, hata meza ni ya kike, na raia wakichanganyika wanaume na wanawake wanaitwa "cidadãos", kwa umbo la kiume. Wanawake mia wakikaa na mwanamume mmoja, neno linamfuata yule mmoja. Ndiyo maana wenzetu wanaoandika kwa Kireno, na kwa Kifaransa, wanabishana sana juu ya namna ya kuziandika katiba upya ili mwanamke naye ajione ndani. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, aliniambia, "Hayo ni mambo yao. Sisi lugha yetu ilishamaliza kazi hiyo tangu zamani."

Nusu ya maneno yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayotuumiza.

Chukua neno "mtu". Halina mume wala mke. Lakini sisi wa pwani tunasema "mtu na mkewe" bila kufikiri. Jaribu kusema "mtu na mumewe" uone watu watakavyokutazama. Maana yake ni kwamba sikioni mwetu mtu ameshakuwa mwanamume, na mke ni wa mtu. Chukua "wazee". Bibi yangu alikuwa mzee kuliko wote mtaani, lakini walipoitwa "wazee wa kijiji" hakuna aliyemtuma mtoto akamwite. Chukua "vijana". Tangazo likisema vijana waje kufundishwa ufundi, wasichana wanabaki wanachota maji, hawakukatazwa na mtu, hawakujisikia kutajwa tu.

Na chukua "mvuvi". Hilo lilitufika hapa hapa. Shirika moja lilitangaza kwamba wavuvi waliopoteza zana waje waandikwe. Wakaja wanaume: wa nyavu, wa mishipi, wa madema. Wanawake wanaotanda dagaa kwa chandarua, wanaoshuka maji yakitoka wakati wa bamvua kuchokoa pweza na kuokota kombe, hawakuja. Kwao mvuvi ni mwenye chombo. Wao wanasema "twaenda pwani", hawasemi "twaenda kuvua". Baadaye walipouliza, wakaambiwa orodha ilikuwa wazi kwa kila mtu. Na kweli ilikuwa wazi. Tangazo halikumtenga yeyote kwa maneno. Ila nusu ya watu wanaolishwa na bahari hawakuwamo kwenye neno lililotumika.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba Kiswahili hakihitaji kusahihishwa, mimi najiuliza: hakihitaji kwa nani? Sarufi ilitupa bure neno lisilobagua. Kumuingiza mwanamke ndani ya neno hilo ni kazi nyingine, na kazi hiyo inafanywa na watu.

Jambo hili si letu peke yetu. Kule Kanada, sheria yao kuu ilisema "watu" wenye sifa wanaweza kuteuliwa kuingia Seneti. Watu, basi, neno lisilo na upande. Wanawake watano wa Alberta wakauliza: je, sisi ni watu? Mwaka 1928 Mahakama ya Juu ya Kanada ikajibu kwamba kwa maana ya sheria ile, hapana. Ilibidi shauri lifike London, na tarehe 18 Oktoba 1929 ndipo ikaamuliwa kwamba naam, mwanamke ni mtu. Neno lilikuwa lile lile kabla na baada. Kilichobadilika ni nani alilisoma, na nani alikuwa amesimama mlangoni akingoja jibu.

Sasa vuka Ruvuma. Nduguzetu wa Tanzania wana bahati ambayo sisi hatuna: Katiba yao ya mwaka 1977 imeandikwa kwa Kiswahili. Rais ni Rais, raia ni raia, mtu ni mtu. Tarehe 19 Machi 2021, Mama Samia Suluhu Hassan alipoapishwa baada ya kifo cha Rais Magufuli, hapakuwa na haja ya kusahihisha herufi moja ili aingie katika cheo kile. Wengi wetu tulisikia kiapo kile redioni tukiwa bado na nyumba zetu. Palma ilishambuliwa siku tano baadaye, tarehe 24. Nakumbuka wanawake wa mtaani walivyofurahi. Lakini hesabu miaka: kutoka 1977 hadi 2021 ni miaka 44. Neno lilikuwa limemfungulia mwanamke mlango tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyepita mpaka kifo kilipotokea na Makamu wa Rais akawa ni mwanamke.

Tena Katiba hiyo hiyo ya Kiswahili ilikaa muda mrefu bila kuitaja jinsia katika orodha ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Haki za binadamu ziliingizwa humo mwaka 1984. Orodha ilitaja kabila, rangi, dini na mengineyo. Mtu angeweza kusema: si "watu wote" wameshatajwa? Inatosha. Huko Kagera kulikuwa na mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyerithi shamba la baba yake kwa wosia, akaliuza. Mpwa wake akamshtaki, kwamba kwa mila mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akampa haki yule mama. Lakini ilibidi jaji azungukie mbali, mpaka kwenye mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania ilikuwa imeitia saini, maana neno lenyewe halikuwamo kwenye orodha. Neno "jinsia" liliongezwa katika ibara ya 13 mwaka 2000. Watu wa lugha isiyo na jinsia walilazimika kuiandika jinsia kwa jina lake.

Na hapo ndipo narudi kwa mama yetu wa Palma na mumewe. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ilimwekea mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia yake ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hakuwekewa njia hiyo. Anapita barabara ndefu kama mgeni mwingine yeyote. Katiba ya juu inasema "mtu" na "raia", sheria ya chini inasema mke. Watu wa mpakani, ambao wameoana kuvuka mto huu tangu babu wa babu zetu, wanaishi katika nafasi iliyopo kati ya maneno hayo.

Mwenzangu anaweza kuniambia: hata maneno ya wazi hayafiki mbali. Kweli. Wakenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe. Huwezi kuandika wazi kuliko hapo. Bunge likashindwa kutunga sheria ya kulitekeleza, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa. Lakini tazama: Jaji Mkuu alikuwa na kitu cha kushika. Kulikuwa na sentensi ya kumnyooshea mtu kidole. Ingekuwa imeandikwa tu "Wakenya wote watashiriki", angeshika nini?

Ndiyo maana katika maandishi yote ya Msumbiji niliyoyasoma pale mkekani, yanayonivutia zaidi hayako kwenye Katiba yenyewe. Katiba ina maneno mazuri; ibara ya 35 inasema raia wote ni sawa mbele ya sheria, kwa lile umbo la kiume la Kireno, na ibara ya 36 inarudia kwamba mwanamume na mwanamke ni sawa mbele ya sheria katika nyanja zote. Kurudia huko kuna maana, kama kwamba waandishi hawakuiamini sana ile ya kwanza. Lakini maneno ninayoyapenda yako katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997, nambari 19. Inapotaja nani anaweza kuwa na haki ya kutumia ardhi, inataja watu wa nchi hii, "homens e mulheres", wanaume na wanawake. Inapotaja urithi wa haki hiyo, inasema bila kutofautisha jinsia. Na inapotaja jinsi ya kuthibitisha haki hiyo, inasema kwamba mbali na hati, ushahidi wa mdomo wa wanajamii unakubalika, na hapo tena inaongeza: wanaume na wanawake.

Soma hilo la mwisho kama mtu aliyekimbia usiku na karatasi zake zikaungua. Mjane anarudi kijijini, anamkuta shemeji amelima shamba la marehemu. Hana hati. Waliobaki wanaojua mpaka ulipita wapi, kwamba mkorosho ule ulipandwa na nani, ni wanawake wenzake watatu. Sheria inasema ushahidi wao ni ushahidi. Sasa tafsiri hilo kwa Kiswahili chepesi: "Ushahidi wa wanajamii unakubalika." Mwenyekiti wa kikao ataita wazee. Na wazee, tumeshaona, ni akina nani. Kwa kuokoa maneno mawili umempotezea mjane mashahidi wake. Marekebisho ya sheria hiyo yamekuwa yakizungumzwa kwa muda. Ikiandikwa upya, mimi nitatafuta kwanza kama maneno hayo mawili yamebaki.

Je, basi tuseme "mwanamume na mwanamke" kila mahali? Hapana. Nilijaribu kikao kilichofuata, watu wakaanza kupiga miayo. Ibara ndefu ikiwa na "raia mwanamume au raia mwanamke" kila mstari, msikilizaji anapotea, na anayepotea haelewi haki yake yoyote. Kiswahili kilipotupa "mtu" kilitupa kitu kizuri, tusikitupe.

Kanuni ninayojaribu kuifuata sasa ni hii. Tumia "mtu", "raia", "kila mmoja" kwa kawaida. Lakini taja wote wawili mahali pawili. Pa kwanza, pale ambapo mlango uliwahi kufungwa kwa mmoja, kama uraia wa ndoa, kama urithi, kama ushahidi. Pa pili, pale ambapo sikio la hapa linasikia mmoja tu hata neno likiwa la wote: mzee, kijana, mvuvi, mkuu wa kaya.

Hili la mkuu wa kaya nawaachia ninyi wenzetu wa mashirika, mnaosoma jarida hili na ambao najua mna nia njema. Sheria ya Familia ya Msumbiji ya mwaka 2004 iliachana na ile kanuni ya Kireno ya zamani kwamba mume ndiye mkuu wa familia. Lakini mkipita na karatasi mkauliza "Nani mkuu wa kaya hapa?", swali lenu, ambalo halina jinsia, linajibiwa na mila. Mama atataja mume aliyeko Pemba au asiyejulikana yuko wapi. Jina lake litaandikwa, na siku ya kugawa mahindi mama atasimama kwenye foleni kwa jina la mtu asiyekuwepo. Ulizeni: "Katika nyumba hii mwanamke mkubwa ni nani, na mwanamume mkubwa ni nani, na nani kati yao yupo?" Ni maneno mengi zaidi. Yanachukua nusu dakika.

Wiki moja baadaye yule mama alirudi kwangu na daftari la mtoto wake. "Niandikie ile sentensi," akasema, "kwa Kiswahili, nimpelekee baba watoto." Nikamweleza kwanza ambayo hayamo kwenye sentensi: kwamba mimi si mwanasheria, kwamba kuna maombi na masharti mengine, na kwamba ndoa yao ni ya nikahi ya msikitini. Sheria ya Familia inazitambua ndoa za dini, lakini bado zinatakiwa kuingia kwenye kitabu cha serikali, na yao sijui kama iliingia. Akasema anajua, hakuna jambo la serikali lisilo na foleni. Yeye anataka sentensi.

Nikaandika: "Mgeni mwanamke au mgeni mwanamume aliyefunga ndoa na Mmsumbiji..."

Akanizuia. "Anza na mwanamume. Yeye ndiye aliyekuwa nje."

Nikachungulia tena Kireno. Waandishi wa mwaka 2004 walikuwa wamepanga hivyo hivyo: mgeni mwanamume kwanza, na kwa upande wa Wamsumbiji, mwanamke kwanza. Mume wa kigeni na mke wa Kimsumbiji, wale wale waliokuwa wameachwa mwaka 1990, ndio waliotangulizwa. Nilikuwa nimeisoma ibara hiyo labda mara kumi na sikuona. Nikachana karatasi, nikaandika upya kama alivyosema.